Miguu Miwili Majini: Rekodi za Boti Pacha, Kutoka Pasifiki Hadi Nyatike

Vijana watatu walinijia nyumbani jioni moja, hapa Macalder, Nyatike. Wote wanachimba dhahabu upande wa Osiri, na vumbi la mawe lilikuwa bado limeganda kwenye kope zao. Mkubwa wao alitoa simu akanionyesha video: boti nyeupe ya faiba, imesimama majini juu ya miguu miwili, inapanda wimbi na kulishuka bila kuyumba, na aliyeshika usukani ana kikombe cha chai mkononi. "Mwalimu," akaniambia, "tumechoka na shimo. Tunataka kuvua mbuta kilindini. Hii itatufaa?"

Sikuwajibu siku ile. Niliwaomba wiki mbili, nikaanza kusoma, kuuliza, na kushuka Sori kila nilipopata nafasi. Nilichokusanya kilizidi jibu lenyewe, kwa sababu boti za aina hii zimevunja rekodi ambazo sikuwahi kuzisikia. Nazieleza hapa kama nilivyowasimulia wale vijana, nikianzia nyumbani.

Tunaishi juu ya rekodi

Mtu wa Nyatike hana haja ya kwenda mbali kutafuta kitu kilichovishinda vyote. Thimlich Ohinga, boma la mawe lililojengwa bila udongo wala saruji, pengine katika karne ya 16, ndilo kubwa zaidi na lililohifadhiwa vizuri zaidi kati ya maboma ya aina yake katika eneo hili, na UNESCO ililiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Ziwa Victoria tunaloliona tukifika Sori au Muhuru, ambalo Wajaluo wanaliita Nam Lolwe, ndilo kubwa kuliko yote barani Afrika: kilomita za mraba zipatazo 68,800. Kwa eneo, miongoni mwa maziwa ya maji baridi duniani, linapitwa na Superior la Amerika Kaskazini peke yake. Sehemu ya Kenya ni asilimia 6 tu. Halafu kuna Migingo, mwamba usiofika hata nusu ya uwanja wa mpira, ambako sensa ya 2009 ilihesabu watu 131, na ambako Kenya na Uganda zimevutana miaka mingi kwa sababu ya mbuta (sangara) walio katika maji yanayouzunguka.

Rekodi inayomhusu mvuvi zaidi iko angani. Kitabu cha Guinness kiliutaja mji wa Tororo, Uganda, kuwa na wastani wa siku 251 za radi kwa mwaka kati ya 1967 na 1976. Kericho, kule kwenye chai, imetajwa kwa siku 132 za mvua ya mawe ndani ya mwaka. Ziwa lina mkono wake katika mambo haya. Mchana jua hupasha nchi kavu haraka kuliko maji, upepo ukavuma kutoka ziwani kwenda milimani, na mawingu yakajijenga huko. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, ziwa hubaki na joto lake, na pepo hushuka kutoka Kenya, Uganda na Tanzania zikakutana katikati ya maji. Zikishakutana hazina pa kwenda ila juu. Hapo ndipo dhoruba huzaliwa, kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri, saa zilezile ambazo mvuvi wa omena (dagaa) amewasha taa zake na mvuvi wa mbuta analinda nyavu zake.

Kadirio linalotajwa mara nyingi ni kwamba watu wapatao 5,000 hufa katika ziwa hili kila mwaka. Ili kupunguza vifo hivyo, Shirika la Hali ya Hewa Duniani na idara za hali ya hewa za nchi zetu ziliendesha mradi wa HIGHWAY, ulioanza mwaka 2017, ili utabiri umfikie mvuvi kwa lugha anayoielewa kabla hajasukuma mashua. Wawili kati ya watoto niliowafundisha wamo katika hesabu ya waliokufa. Ndiyo sababu swali la wale vijana sikulichukulia kama swali la kununua chombo tu.

Miti iliyofungwa pamoja

Boti pacha hizi huitwa pia katamarani, neno lililotoka katika Kitamil cha kusini mwa India: *kattu* ni kufunga, *maram* ni mti. Magogo yaliyofungwa pamoja. Ajabu ni kwamba chombo kilichoitwa hivyo na Watamil kilikuwa kama chelezo, wala hakikuwa na miguu miwili. Wazungu ndio walioliokota jina wakakivika chombo kingine.

Mabingwa wa kweli wa miguu miwili ni watu wa Pasifiki. Walifunga mitumbwi miwili mirefu kwa boriti na kamba, wakaweka jukwaa juu yake, wakapakia familia, nguruwe, kuku na miche, wakavuka maji ambayo mabaharia wa Ulaya waliyaogopa kwa karne nyingi baadaye. Wapo waliobisha, wakidai visiwa vile vilifikiwa kwa bahati, watu wakichukuliwa na mikondo. Mwaka 1975 Wahawaii wakashusha majini Hōkūleʻa, chombo cha miguu miwili chenye urefu wa mita 19 hivi, na mwaka uliofuata Mau Piailug, baharia wa kisiwa cha Satawal, akakiongoza hadi Tahiti bila dira wala ramani, kwa kusoma nyota na mawimbi. Ubishi ukaisha. Kwangu mimi hii ndiyo rekodi kubwa kuliko zote za vyombo hivi, na iliwekwa kwa mwendo wa polepole.

Ulaya ilichelewa sana. Mwingereza William Petty alijenga chombo cha matumbo mawili huko Dublin mwaka 1662, kikashinda mashua za kawaida katika mashindano, watu wakashangilia. Chombo chake cha tatu, alichokiita Experiment, kilizama na mabaharia wake katika Ghuba ya Biscay mwaka 1665, na kwa miaka zaidi ya mia mbili karibu kila mtu akaogopa kujaribu tena. Kisha mwaka 1876 Mmarekani Nathanael Herreshoff akaleta Amaryllis mashindanoni New York. Aliwaacha wenzake mbali mno hata wakalalamika kwamba ile si mashua, naye akanyimwa ushindi.

Na sisi je? Pwani yetu ina ngalawa: gogo la mwembe lililochongwa, mirengu miwili iliyolazwa juu yake, na matengo yanayoelea kila upande. Hiyo ni miguu mitatu kwa hesabu. Wataalamu wengi huihusisha na mabaharia wa Kiaustronesia, wale waliovuka Bahari ya Hindi na kufanya makao Madagaska. Mvuvi wa Nungwi au wa Msambweni akisimama pembeni kuvuta mshipi, lile tengo ndilo linalombeba. Lakini mirengu haikupanda bara. Ziwani kwetu kilichotawala ni mashua ya mbao ya Ssese, iliyopata jina lake kutoka visiwa vya Ssese vya Uganda: ndefu, nyembamba, yenye mkuku ulionyooka, nyepesi kupiga makasia. Ni chombo kizuri chenye akili ya karne nyingi. Kasoro yake ataisema mvuvi yeyote wa Karungu: wanaume wanne wakiinamia upande mmoja kuvuta wavu, ukingo nao unainama pamoja nao.

Zenye mbio

Hapa nitapita haraka, kama zenyewe zinavyopita.

Msomaji aliyewahi kusafiri kati ya Dar es Salaam na Unguja kwa boti za Kilimanjaro za Azam Marine ameshapanda katamarani, iliyojengwa Australia. Australia hiyohiyo, katika mji wa Hobart, kampuni ya Incat ndiyo iliyojenga Hoverspeed Great Britain, meli ya mita 74 iliyovuka Atlantiki mwaka 1990 kwa siku 3 na saa 7 na dakika 54. Ikawa ya kwanza ya miguu miwili kutwaa kombe la Hales la mbio za kuvuka Atlantiki, lililokuwa limekaa kwa meli kubwa ya Kimarekani, United States, tangu 1952. Mwaka 1998 Cat-Link V ikavuka ndani ya siku 2 na saa 20 na dakika chache, kwa wastani wa noti 41. Kisha mwaka 2013 ikatoka Francisco, yenye jina la Papa Francis, mita 99, inayobeba watu 1,000 na magari 150 kati ya Argentina na Uruguay. Katika majaribio ilifikia noti 58.1, yaani karibu kilomita 108 kwa saa. Matatu ya Migori kwenda Kisumu yakikimbia hivyo, abiria wanapiga kelele.

Zipo pia zinazojulikana kwa nguvu zinazoziendesha badala ya mbio. Ya jua ni Tûranor PlanetSolar, iliyoondoka Monaco Septemba 2010 ikarudi Mei 2012 baada ya kuizunguka dunia kwa umeme wa jua pekee, chombo cha kwanza kufanya hivyo. Na ya betri ni China Zorrilla, mita 130, iliyoshushwa majini huko Hobart Mei 2025 ikiwa na betri zenye uzito wa tani 250.

Niliwaonyesha vijana hizi zote. Walifurahi. Mdogo wao akauliza Francisco inakunywa mafuta kiasi gani, nikajua tumeanza kuelewana.

Ndogo zinazofanya kazi

Boti pacha ndogo za kuvulia, zile za mita 6 hadi 9 zenye injini mbili nyuma, hazina makombe. Zilikua katika pwani mbili ngumu. Huko Queensland, Australia, Bruce Harris alianzisha boti alizoziita Shark Cat, ambazo hata polisi na waokoaji walizichukua kwa sababu zilivumilia milango ya mito yenye mawimbi mabaya. Na huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, ambako bandari za wavuvi ni chache, watu huzisukuma boti kutoka mchangani moja kwa moja hadi kwenye mawimbi yanayovunjika. Nyingi ya hizo ni za miguu miwili, zina injini mbili, na nafasi iliyo chini ya sakafu imejazwa povu gumu ili chombo kisizame hata kikijaa maji. Sisi pia hatuna gati kila ufuo. Wanavyosukuma wao kutoka mchangani ndivyo tunavyosukuma sisi Sori, na kama ningechagua mahali pa kwenda kujifunza, ningekwenda huko kabla ya kwenda Florida, ambako boti hizi siku hizi zimekuwa za kifahari na injini nne nyuma.

Kwa nini miguu miwili inatulia? Nilikwenda ufukweni na madumu mawili ya lita 20, ubao, kamba na jiwe la kilo kama nane. Kwanza nilifunga madumu yakiwa yamebanana, nikaweka ubao juu, nikalisogeza jiwe hadi ukingoni. Chelezo changu kililala upande, jiwe likateleza majini pu! Nikayafungua, nikayafunga tena kwa fito mbili yakiachana kwa urefu wa mkono. Jiwe lilelile, ukingo uleule. Dumu la upande huo likashuka vidole viwili, likatulia. Madumu hayakuongezeka wala hayakubadilika. Kilichobadilika ni nafasi kati yake. Mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu karibu yangu alitazama kimya, kisha akasema kwa Kijaluo kwamba jambo hilo wao hulifanya wakifunga mashua mbili pamoja kuvusha mzigo mzito. Alikuwa na haki ya kutoshangaa.

Nafasi hiyo kati ya miguu mimi naiita uvungu, kama uvungu wa kitanda, na hapo ndipo mnunuzi anatakiwa kuinama na kutazama kabla hajatazama rangi, redio wala kiti cha nahodha. Boti ikienda, hewa na maji huingia uvunguni kwa mbele na kubanwa. Mchanganyiko huo hulainisha kishindo kama godoro. Ndiyo siri ya yule bwana wa kikombe cha chai. Lakini uvungu ukiwa mfupi, wimbi hufika dari. Kila wimbi linakuwa nyundo, na boti inatetemeka hadi meno ya mtu yanagongana. Mawimbi ya bahari kuu ni marefu na yameachana. Ya ziwa letu, kwa kuwa upepo hapa hauna umbali mrefu wa kuyakuza kama baharini, ni mafupi, yamesimama wima na yanafuatana upesi. Hayo ndiyo mawimbi yanayopenda kugonga dari.

Na hapa kuna jambo ambalo video haionyeshi. Miguu myembamba huzama zaidi kwa kila kilo unayoongeza kuliko tumbo pana la mashua moja. Boti ile ya kwenye simu ilikuwa na watu wawili na fimbo za kuvulia. Wale vijana watapakia watu watano, nyavu zilizolowa, madumu ya petroli, masanduku ya barafu, na Mungu akijalia, samaki. Mbuta si kidagaa. Rekodi ya dunia ya mbuta aliyevuliwa kwa ndoano ni kilo 104.32, kutoka Ziwa Nasser, Misri, Desemba 2000, na huku kwetu samaki huyu, aliyeletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, anaweza kufikia urefu wa mita mbili. Uvungu uliokuwa na nafasi ya kutosha asubuhi unaweza kuwa umeisha jioni. Kwa hiyo muuzaji akikwambia uvungu una urefu fulani, muulize: ukiwa na mzigo gani?

Injini ni mbili, na hili si la kujadili. Injini moja ikiwekwa katikati huchota maji yaliyojaa hewa ya uvunguni, na feni yake ikazunguka bila kushika kitu. Nguvu farasi 40 kila mguu ni bora kuliko 75 moja. Ukipoteza moja, ya pili inakurudisha nyumbani, polepole na kwa kuvuta upande, lakini inakurudisha. Ila ziwe na matangi mawili yaliyotengana na mipira yake mbali mbali. Petroli yetu ya ufuoni hupimwa kutoka kwenye madumu, na maji yakiingia katika tangi moja linalolisha injini zote mbili, zitazima kwa pamoja na ule uwili wake hautakusaidia lolote. Kuna fundi alinionyesha chujio lililotolewa siku hiyo kwenye mashua iliyorudi ikivutwa: chini yake palikuwa na tone la maji safi kama machozi, ukubwa wa punje ya mahindi. Hilo tu.

Gugumaji nalo halijui boti ya kisasa. Mashua ya mkuku mmoja hulipasua likaenda pembeni. Boti pacha hulikusanya uvunguni na kulipeleka nyuma moja kwa moja kwenye feni mbili. Mwenye kuvulia ndani ya Ghuba ya Winam, upande wa Kendu na Homa Bay, alifikirie hili mara mbili. Kwa maji ya wazi ya Karungu na Muhuru shida ni ndogo, ingawa upepo ukigeuka huleta visiwa vizima vya majani.

Kuhusu malighafi sitasema mengi. Mbao tunazijua na mafundi tunao. Faiba inapona kwa kitambaa na gundi yake hata hapa. Alumini ni nyepesi na haiogopi mawe ya ufuoni, lakini ikipasuka, atakayeichomelea vizuri huenda yuko Kisumu. Plastiki nayo imeshapita ziwani kwetu: FlipFlopi, jahazi la kwanza duniani lililojengwa kwa taka za plastiki tupu na mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda, lilishushwa majini mwaka 2018, likasafiri kilomita 500 hadi Zanzibar mwaka 2019, na mwaka 2021 likaletwa Ziwa Victoria. Lina tumbo moja, lakini nalitaja kwa sababu lilitoka katika mikono ya mafundi wetu, nao wakiamua wanaweza kuunda miguu miwili pia.

Upana hauna budi kutazamwa kwa ajili ya barabara. Nyingi ya boti hizi ndogo huishia karibu mita 2.5 ili ziweze kuvutwa nyuma ya gari. Ukitaka pana zaidi utapata utulivu zaidi, lakini ukiileta kutoka Mombasa hadi Nyatike utahitaji vibali na lori.

Rekodi ambayo hakuna anayeitaka

Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilikuwa kinakaribia gati la Ukara, upande wa Tanzania wa ziwa hili. Kiliundwa kubeba watu 101. Kilikuwa na zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo, na watu walisogea upande mmoja wakijiandaa kushuka. Kilipinduka mbele ya macho ya waliokuja kuwapokea. Waliokufa walikuwa 228. Siku mbili baadaye waokoaji walimtoa fundi mmoja akiwa hai kutoka ndani ya kivuko kilichogeuka juu chini, alikokuwa amepata hewa kidogo iliyobanwa.

Nawakumbusha hili wanaosema boti pacha haipinduki. Ni ngumu kuipindua, naam; jiwe langu lilionyesha hivyo. Lakini mashua ya kawaida hukuonya: inainama, inarudi, inainama zaidi, na moyo wako unakwambia. Boti pacha hukaa sawa, ikaendelea kukaa sawa, hadi mguu mmoja uzamishwe au uinuliwe kabisa, na hapo haina onyo la pili. Ikishageuka inatulia vilevile ikiwa imegeuka, na hakuna wanaume watano watakaoirudisha. Ndiyo maana povu la chini ya sakafu, kamba za kushika upande wa chini, na mlango wa dharura kwenye boti yenye chumba ni vitu vya kuulizia kwa sauti.

Kuna hatari nyingine, ya kuikimbia dhoruba. Upepo ukiwa nyuma na mawimbi yakikusukuma, pua nyembamba za boti hii zinaweza kuchimba mgongo wa wimbi la mbele, na boti ikageuka ghafla upande kama pikipiki iliyoshikwa breki ya mbele. Dawa yake ni mkono wa nahodha: kupunguza mwendo, kuhamishia mzigo nyuma, na kutokata kona kali. Kwenye kona nyingi ya boti hizi hulalia nje, kinyume cha zile tulizozoea, na mtu asiyejua hutupwa majini siku ya kwanza. Nahodha wa Ssese mwenye miaka 20 ya ziwa bado anahitaji wiki kadhaa kujifunza upya.

Jibu nililowapa

Walirudi Jumapili, wameoga, wakakaa chini ya mwembe. Niliwaambia hivi.

Kama mnakwenda omena karibu na nchi kavu, mkirudi kabla jua halijapanda, msinunue. Mashua ya mbao na injini ya farasi 15 inatosha, na fedha itakayobaki ni nyumba. Mkumbuke pia kwamba Kenya hufunga uvuvi wa omena kwa miezi kadhaa ya mwaka kuanzia Aprili, na boti ghali iliyoanikwa mchangani kwa muda wote huo haimlishi mtu.

Kama mnakwenda mbali, kwenye maji ya Migingo ambako safari ni saa mbili na zaidi, mkalala majini na kurudi na barafu na mbuta, basi ndiyo, itawafaa kuliko chombo chochote kingine cha bei mnayoweza kuibeba. Iwe mita 7 au 8. Injini mbili za farasi 40, za aina ambayo vipuri vyake viko Sori na Mbita. Povu chini ya sakafu. Na msikubali kuijaribu ikiwa tupu asubuhi ya utulivu. Ipakieni mifuko ya mchanga yenye uzito wa siku nzuri ya uvuvi, mtoke mchana upepo wa ziwani unapokuwa na nguvu, muelekeze pua kwenye mawimbi, mmoja wenu alale kifudifudi asikilize uvungu. Akisikia pumzi, vizuri. Akisikia nyundo, rudisheni boti kwa mwenyewe.

Mkubwa wao aliuliza juu ya kuichukua kwa mkopo. Nikamwambia mkopo wa chombo ulipwe na watu wengi, kupitia kikundi cha ufuo wao, na jina la kila mmoja liandikwe. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakigombania nanga.

Bado hawajalipa. Wanatafuta boti ya aina hii iliyokwisha kufanya kazi katika ziwa letu walau mwaka mmoja, waione ikiwa na mzigo na wazungumze na nahodha wake. Nami naomba kwa niaba yao. Msomaji uliye Mbita, Mfangano, Usenge, Musoma, Mwanza au Jinja, ikiwa unaendesha boti pacha ya kuvulia, tuandikie: uvungu wake unabaki na urefu gani ukiwa umejaza barafu, injini zake zinakunywa lita ngapi kwa usiku mmoja, na usiku ule mbaya kuliko yote uliokukuta kilindini, ilifanyaje.